Haidreti za Gesi Chini ya Bahari: "Wapi" Tunajua, "Lini" Bado Inatusumbua

Mei 2010, wiki chache baada ya mtambo wa Deepwater Horizon kulipuka na kuzama katika Ghuba ya Meksiko, kampuni ya BP iliteremsha kuba la chuma la tani 100 hivi hadi sakafu ya bahari, kina cha karibu mita 1,500. Kuba lilitakiwa kufunika sehemu inayovuja, kisha mafuta yapande kwa bomba hadi melini. Mpango huo ulikwama papo hapo. Gesi iliyokuwa ikitoka pamoja na mafuta ilikutana na maji ya baridi ndani ya kuba, vikaganda pamoja na kuwa kitu kama theluji nzito, kikaziba tundu la juu na kulifanya kuba lenyewe litake kuelea. Ikabidi lisogezwe pembeni.

Kitu hicho huitwa haidreti ya gesi, na hakuna aliyekuwa akikisikia kwa mara ya kwanza siku ile. Wahandisi wa BP walijua kabisa kwamba kwenye kina kile haidreti zinaweza kutokea. Kilichowazidi ni wingi wake na kasi yake. Tukio hilo linaonyesha vizuri jambo ambalo hata watu wa sekta ya gesi hulichanganya: utabiri wa haidreti ni maswali mawili tofauti. La kwanza, je, hali ya bomba inaruhusu haidreti kuwepo? La pili, zikiruhusiwa, zitaanza lini, zitakua kwa kasi gani, na je, zitaliziba bomba? Swali la kwanza tunalijibu kwa usahihi wa kusifika. La pili bado linatusumbua, na mabilioni ya fedha hutumika kila mwaka kwa sababu hiyo tu.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tuna sababu ya kulielewa jambo hili. Gesi nyingi ya Tanzania haiko kwenye visima vya karibu na pwani vya Songo Songo wala Mnazi Bay; iko baharini kwenye kina kirefu, mbali na Lindi na Mtwara. Jirani zetu wa Msumbiji wameshaanza kuichimba ya kwao, na meli ya Coral Sul, iliyotia nanga kwenye maji ya kina cha mita 2,000 hivi, ilisafirisha shehena yake ya kwanza ya gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika mwezi Novemba 2022. Kwenye vina hivyo, haidreti ni jambo la kila siku.

Vizimba vya maji

Ukiishika haidreti mkononi utadhani ni barafu: nyeupe, baridi, inayeyuka taratibu. Ukiiwashia kiberiti, inawaka. Ndani yake molekuli za maji zimeshikana na kujenga vizimba vidogo sana, na ndani ya kizimba hukaa molekuli moja ya gesi: methani, ethani, propani, kaboni dayoksaidi na nyingine ndogo za aina hiyo. Gesi haijaungana na maji kikemia. Kazi yake ni kukikalia kizimba kisiporomoke, kwa sababu vizimba vikiwa vitupu havisimami. Ndiyo maana haidreti inaweza kuwa imara hata kwenye nyuzi 15 au 20, joto ambalo barafu ya kawaida ingekuwa imeyeyuka zamani, ilimradi presha iwe kubwa ya kutosha.

Mpangilio wa vizimba hivyo si mmoja. Muundo wa kwanza una molekuli 46 za maji zinazojenga vizimba 8, na huo ndio unaojengwa na methani tupu. Muundo wa pili una molekuli 136 na vizimba 24, vikiwemo 8 vikubwa zaidi vinavyoweza kubeba propani. Upo na wa tatu, uliotambuliwa mwaka 1987, lakini kwenye mabomba hauonekani sana. Gesi asilia ya kawaida, kwa kuwa mara nyingi ina propani kidogo, hujenga muundo wa pili. Hili lina madhara makubwa kwenye hesabu, kama tutakavyoona.

Mita moja ya ujazo ya haidreti iliyojaa methani, ikiyeyuka, hutoa takriban mita za ujazo 164 za gesi katika hali ya kawaida ya hewa. Namba hiyo itatusaidia tutakapofika kwenye suala la kulizibua bomba.

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mwingereza Humphry Davy aligundua mapema karne ya 19 kwamba maji yenye klorini huganda kabla ya kufika kwenye kiwango cha kuganda kwa maji matupu. Kwa zaidi ya miaka 100 hilo lilibaki jambo la maabara. Mwaka 1934 Mmarekani E. G. Hammerschmidt alionyesha kwamba vizibo vilivyokuwa vikisimamisha mabomba ya gesi Marekani, hata siku ambazo hazikuwa na baridi ya kugandisha maji, vilikuwa haidreti. Tangu hapo likawa suala la kazi na pesa.

Mstari unaotenganisha salama na hatari

Ili haidreti itokee vinatakiwa vitu vinne kwa pamoja: gesi inayofaa, maji, presha ya juu na joto la chini. Kipimo cha presha nitakachotumia ni bar. Bar 1 ni karibu sawa na presha ya hewa tunayovuta ufukweni, na kila mita 10 unazozama baharini huongeza bar 1 nyingine.

Chukua methani tupu na maji safi. Kwenye nyuzi 0, haidreti huanza kuwezekana presha ikifika bar 26 hivi. Kwenye nyuzi 4 inatakiwa karibu bar 39. Kwenye nyuzi 10, karibu bar 71. Kwenye nyuzi 13, bar 100. Ukizichora namba hizo kwenye grafu, joto likiwa kwenye mhimili wa chini na presha kwenye mhimili wa pembeni, unapata mstari unaopanda kwa kasi kuelekea kulia. Upande wa kushoto na juu ya mstari haidreti inaweza kuwepo. Upande wa kulia na chini haiwezi. Mhandisi wa mabomba ya baharini huanza kazi na mstari huo.

Sasa tia propani asilimia 1 tu kwenye methani hiyo. Kwenye joto la nyuzi 2 hivi, presha inayotakiwa inashuka hadi karibu nusu. Asilimia moja! Sababu ni vile vizimba vikubwa vya muundo wa pili, ambavyo propani inavikaa barabara na kuvipa uimara. Kwa hiyo mtu akikwambia "hii gesi ni methani karibu yote, haina neno", muulize hiyo iliyobaki ni nini. Kosa la sampuli mbovu ya gesi haliwezi kurekebishwa na programu yoyote ya kompyuta, na kwa maoni yangu vipimo vya maabara vya sampuli ya kisima vinastahili heshima kubwa kuliko vinavyopewa.

Chumvi nayo huusogeza mstari, safari hii kwa faida yetu. Maji yenye chumvi kama ya bahari hupunguza joto la haidreti kwa nyuzi moja na nusu hivi. Lakini tuwe waangalifu hapa. Maji yanayoleta shida kwenye mabomba mengi ya gesi hayana chumvi kabisa. Gesi inapotoka ardhini ikiwa ya moto huwa imebeba mvuke, na ikipoa njiani mvuke huo hugeuka matone safi. Ni maji ya mvuke, yasiyo na kinga yoyote.

Mstari huu hupatikanaje? Zamani walitumia chati. Donald Katz wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walitengeneza miaka ya 1940 chati ambazo unaangalia uzito wa gesi ukilinganisha na hewa, joto, kisha unasoma presha. Hadi leo mhandisi aliye kazini anaweza kuitumia kupata jibu la haraka la makadirio. Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1959, pale J. H. van der Waals na J. C. Platteeuw walipoandika nadharia inayoeleza haidreti kwa takwimu za molekuli. Kiini chake kinaeleweka bila hesabu ngumu: maji huelekea kwenye hali iliyo tulivu zaidi kwake. Vizimba vitupu si vitulivu kuliko maji ya kawaida, lakini kila gesi inayoingia kizimbani inaviongezea utulivu. Modeli inakokotoa, kwa presha na joto fulani, ni sehemu gani ya vizimba imekaliwa na gesi ipi, kisha inauliza: je, utulivu wa haidreti umeshafikia ule wa maji? Pale vinapolingana ndipo mstari unapopita.

Mwaka 1972 W. R. Parrish na J. M. Prausnitz waliigeuza nadharia hiyo kuwa utaratibu wa kompyuta kwa mchanganyiko wa gesi nyingi, na programu zinazotumika leo zimejengwa juu ya msingi huo. Kwa gesi za kawaida na maji safi, programu nzuri hukosea kwa nyuzi moja hivi ikilinganishwa na maabara. Kosa huongezeka pale kunapokuwa na chumvi nyingi, dawa nyingi (yaani kemikali za kuzuia haidreti), au presha kubwa sana ambayo maabara chache zimewahi kuifikia.

Kuulaza mstari juu ya bomba

Mstari peke yake hausemi kitu mpaka uuweke kwenye bomba halisi. Gesi inaingia bombani sakafuni mwa bahari ikiwa na joto, pengine nyuzi 60 au zaidi, na presha kubwa. Inaposafiri inapoteza joto kwenda majini na presha kwa msuguano. Ukitia alama za kila kilomita kwenye grafu ileile, utaona nukta zikianza upande wa salama, zikihamia kushoto haraka, zikivuka mstari, kisha zikibaki ndani ya eneo la haidreti kwa safari yote iliyobaki. Mafuta mazito hutunza joto. Bomba likivikwa kihami joto kizuri yanaweza kufika yakiwa bado ya moto. Gesi haina uwezo huo. Kwenye bomba la kilomita 100 hata uvike nini, gesi itafika kwenye joto la bahari.

Kuna sehemu nyingine ya kuangalia kwa karibu: vali ya kisima. Gesi inapopita kwenye nafasi nyembamba presha yake hushuka ghafla, na joto hushuka nayo, kwa takriban nusu ya nyuzi kwa kila bar 1 kwenye presha za wastani. Ukiwasha kisima kilichopoa huku presha ikidondoka kwa makumi ya bar kwenye vali, nyuma ya vali panaweza kuwa na baridi kuliko bahari yenyewe. Wahesabuji wanaoangalia bomba likiwa katika mwendo wa kawaida tu huikosa sehemu hii.

Basi tufanye hesabu moja kwa mkono. Tuseme sehemu ya bomba ina presha ya bar 100, gesi ni methani, na bahari ina nyuzi 3. Mstari unasema haidreti inawezekana chini ya nyuzi 13. Tofauti ni nyuzi 10. Nitaiita baridi ya ziada, maana itarudi tena. Ili tuwe salama tunahitaji kuusogeza mstari kwa nyuzi 10 kuelekea kushoto, kwa kutia dawa kwenye maji. Hammerschmidt aliacha fomula rahisi: zidisha 1297 kwa asilimia ya dawa (kwa uzito), kisha gawanya kwa uzito wa molekuli ya dawa uliozidishwa kwa asilimia ya maji yaliyobaki. Kwa methanoli, yenye uzito wa molekuli 32, jaribu asilimia 20. Juu unapata 25,940. Chini, 32 mara 80 ni 2,560. Jibu ni nyuzi 10 na kidogo. Kwa hiyo kila gramu 100 za kimiminika hicho cha maji na dawa ziwe na gramu 20 za methanoli. Ukiongeza nyuzi 3 za tahadhari, unafika asilimia 24. Fomula hiyo ni ya miaka ya 1930, na kwenye viwango vya chini kama hivi bado inakaribia programu za leo. Isichokuambia ni kwamba sehemu kubwa ya methanoli hutoroka majini na kwenda na gesi, na hiyo nayo lazima uilipie.

Swali la pili

Mpaka hapa tumejibu "je, inaweza?". Lakini kuna mabomba yamefanya kazi kwa saa nyingi ndani ya eneo la haidreti bila kuziba, na mengine yameziba mara tu yalipowashwa. Kwa nini?

Haidreti lazima izaliwe kwanza. Fuwele ya kwanza hujitokeza pale maji na gesi vinapokutana, na kujitokeza huko kuna sehemu ya bahati ndani yake. Fanya jaribio lilelile maabara mara nyingi, kwa chombo kilekile, joto lilelile na presha ileile. Mara moja fuwele itaonekana baada ya dakika chache, mara nyingine baada ya saa kadhaa. Kadiri baridi ya ziada inavyokuwa kubwa ndivyo muda wa kusubiri unavyopungua na kutawanyika kidogo. Kwenye mabomba yanayotiririka wataalamu wengi huanza kuwa na wasiwasi wa kweli baridi ya ziada inapofika nyuzi 3 na nusu hivi. Hicho ni kipimo cha uzoefu, si sheria ya maumbile. Zaidi ya hayo, maji ambayo yaliwahi kuwa haidreti yakayeyuka hivi karibuni huganda tena kwa urahisi zaidi kuliko maji mapya, kwa hiyo historia ya bomba inaingia kwenye hesabu.

Ikishazaliwa, inakua. Na namna inavyokua inategemea kilichomo bombani. Kwenye mafuta, matone ya maji huelea yakiwa yametawanyika. Kila tone huvikwa ganda la haidreti, maganda hunatana, mabonge hukua, kimiminika kinakuwa kizito kama uji hadi kinasimama. Kwenye gesi hali ni nyingine. Mvuke na matone hugusa ukuta wa chuma wenye baridi na kugandia hapo, tabaka juu ya tabaka, kama mafuta ya kupikia yanavyojenga utando ndani ya bomba la sinki. Nafasi inapungua, presha inapanda, kisha kipande cha utando kinabanduka, kinasombwa na kukwama mbele kwenye kona. Kwenye chumba cha kuendeshea mtambo, mtu huona presha ikipanda na kushuka ovyo kabla ya kuziba kabisa. Waendeshaji wenye uzoefu huzisoma dalili hizo kwa macho, na wakati mwingine macho yao hutangulia modeli.

Programu zinazounganisha mtiririko wa bomba na ukuaji wa haidreti zipo. Kazi kubwa imefanyika Colorado School of Mines nchini Marekani, ambako E. Dendy Sloan na wenzake waliitumikia fani hii kwa miongo mingi. Zinasaidia kulinganisha hali: ipi ni mbaya kuliko ipi. Ila mtu akikuletea jibu kwamba bomba litaziba saa 14 na dakika 20 baada ya kusimama, usilichukue kama ratiba. Siku hizi pia kuna modeli za kujifunza kwa mashine, mitandao ya neva bandia iliyolishwa maelfu ya vipimo vya maabara. Kwa swali la kwanza zinafanya vizuri ndani ya mipaka ya data zilizolishwa. Nje ya mipaka hiyo hazina fizikia ya kuzishikilia, na bahari ya kina kirefu mara nyingi iko nje ya mipaka hiyo. Mimi ningezitumia kukagua, nisingeziachia kuamua.

Hatari kubwa ni kusimama na kuanza

Vizibo vingi havitokei bomba likiwa katika mwendo wa kawaida. Hutokea uzalishaji unaposimama kwa dharura kisha kuanza tena. Fikiria mtiririko umekatika ghafla. Presha inabaki palepale. Joto linashuka hadi la bahari. Maji yaliyokuwa yakisukumwa na gesi yanateremka na kukusanyika mabondeni mwa bomba. Wakati huo huenda kisitokee kitu kikubwa, kwa sababu maji na gesi vimetengana na vinagusana kwenye uso mdogo tu. Unapowasha tena, gesi inapita kwa nguvu katikati ya maji hayo ya baridi na kuyapiga kuwa matone madogo madogo. Eneo la kukutana linaongezeka maradufu kwa mara nyingi, baridi ya ziada iko tayari, na dawa huenda haikufika bondeni. Hapo ndipo bomba linaziba.

Ndiyo maana miongozo ya uendeshaji huwa na saa za hesabu: mtiririko ukisimama, una muda gani kabla ya sehemu ya kwanza ya bomba kuvuka mstari, na ndani ya muda huo ufanye nini. Utie dawa? Ushushe presha? Utabiri unaofaa kazi ni huo wa kumwambia mwendeshaji wa zamu ya usiku afanye nini kabla ya alfajiri.

Wanorwe walichagua kutobahatisha

Uwanja wa gesi wa Ormen Lange nchini Norwe, ulioanza kuzalisha Septemba 2007, unaonyesha uamuzi unavyofanywa pale swali la pili halina jibu la kuaminika. Visima viko kwenye kina cha mita 800 hadi 1,100, kilomita 120 hivi kutoka pwani. Maji ya sakafuni yana joto chini ya nyuzi 0. Chumvi tu ndiyo inayoyazuia kuganda. Gesi yenye maji huletwa moja kwa moja hadi kiwanda cha Nyhamna kwa mabomba mawili ya inchi 30. Hapo hapakuwa na nafasi ya kusema "tutasubiri tuone". Wahandisi walihesabu hali mbaya kuliko zote, kisha wakaweka mabomba membamba yanayopeleka glikoli, dawa nyingine ya kuzuia haidreti, kutoka nchi kavu hadi visimani muda wote. Glikoli huchanganyika na maji, hurudi nayo Nyhamna, hutenganishwa kwa kuchemshwa, kisha hurudishwa tena baharini. Walipendelea glikoli kuliko methanoli kwa sababu haitoroki sana na gesi, kwa hiyo inaweza kutumika tena na tena.

Lakini tazama kinachofuata. Kutoka Nyhamna gesi ileile inaingia bomba la Langeled, kilomita 1,166 chini ya Bahari ya Kaskazini hadi Easington, Uingereza. Maji huko nayo ni ya baridi na presha ni kubwa, ila hatari ya haidreti karibu imekwisha. Gesi imekaushwa. Ukiondoa maji, mstari wote wa grafu unabaki pambo.

Bomba letu la Songo Songo liko kwenye upande huo wa salama, tena kwa sababu mbili. Gesi hukaushwa kisiwani kabla ya kuingia bomba la baharini la kilomita 25 kuelekea Somanga, ambako huendelea kwa nchi kavu hadi Dar es Salaam. Na hata isingekaushwa, bahari pale ni ya kina kifupi na ya vuguvugu. Gesi ya Songo Songo ni methani kwa takriban asilimia 97. Kwenye nyuzi 25 methani inahitaji zaidi ya bar 400 ili kufanya haidreti. Tangu gesi hiyo ianze kufika Dar mwaka 2004 umma umezoea kuona bomba la baharini kuwa jambo jepesi. Mazoea hayo tusiyapeleke kwenye kina kirefu.

Likishaziba

Niseme kidogo juu ya kuzibua, kwa sababu hapa watu wamewahi kupoteza maisha, na hapa ndipo utabiri mbaya unapolipwa kwa gharama kubwa. Jambo linalokuja akilini haraka ni kushusha presha upande mmoja ili kizibo kiyeyuke. Kizibo kikianza kuachia ukuta wakati nyuma yake kuna makumi ya bar na mbele yake hakuna kitu, kinaruka. Bonge zito likienda kwa kasi ndani ya bomba hupasua kona na kung'oa vali. Jambo la pili linalokuja akilini ni kulichemsha bomba. Kumbuka ile namba 164: ukiyeyusha katikati ya kizibo huku ncha zake bado zimeziba, gesi inayofunguliwa haina pa kwenda, na presha inaweza kupasua chuma.

Njia inayokubalika ni kushusha presha pande zote mbili, polepole. Na polepole ina kipimo chake. Haidreti inapoyeyuka hunyonya joto kutoka pembeni yake. Ukishusha presha chini sana, kizibo kinapoa hadi chini ya nyuzi 0, na maji yanayotoka yanageuka barafu ya kawaida, ambayo haijali presha hata kidogo. Unakuwa umebadilisha kizibo kimoja kwa kingine. Kazi ya namna hii huchukua siku, wiki, mara nyingine miezi, na modeli ya uyeyukaji hapa ina kazi ya kweli ya kusema subira iwe ya muda gani.

Kwa sababu hiyo sekta imegawanyika kimtazamo. Kwa miaka mingi msimamo ulikuwa kukaa nje ya eneo la haidreti kabisa, kwa joto, dawa au kukausha. Baadaye zikaja dawa za kiasi kidogo. Aina moja huchelewesha kuzaliwa kwa fuwele hadi maji yatoke bombani. Nyingine huziacha haidreti zitokee lakini huzizuia zisinatane, zisafiri kama uji mwepesi ndani ya mafuta. Zinapunguza sana wingi wa kemikali. Ila aina ya kwanza inaegemea kwenye muda, yaani kwenye swali la pili, na bomba likisimama kwa siku kumi muda huo umekwisha. Ya pili inahitaji mafuta ya kubebea matone, na gesi iliyo methani karibu yote haina mafuta ya kutosha.

Lindi itahitaji nini

Mbali na pwani ya kusini mwa Tanzania, visima kama Zafarani cha mwaka 2012 vilichimbwa kwenye maji ya kina cha takriban mita 2,500, na kitalu chake kiko umbali wa kama kilomita 100 kutoka nchi kavu. Mpango unaozungumzwa wa kiwanda cha kusindika gesi kimiminika uko Likong'o, Lindi, na bado haujajengwa. Kama gesi italetwa ufukweni ikiwa na maji yake, hesabu inaonekana wazi hata kabla ya kufungua programu. Sakafu ya bahari kule ina nyuzi chache tu juu ya 0. Kwenye bar 150 methani hufanya haidreti chini ya nyuzi 16 au 17. Baridi ya ziada ni kubwa mno kwa mtu yeyote kuegemea bahati. Juu ya hayo, bomba litapanda mteremko mkali wenye makorongo, na kila korongo ni bonde la maji kujikusanya mtiririko ukisimama.

Jibu la swali la kwanza, basi, limeshapatikana: ndiyo, inaweza, karibu kwa njia yote. Uamuzi unaobaki ni wa ukubwa. Tuseme glikoli inapelekwa visimani ikiwa na nguvu ya asilimia 90, na tunataka ibaki asilimia 50 baada ya kuchanganyika na maji. Kila tani moja ya maji itahitaji tani moja na robo ya glikoli hiyo. Maji yakiongezeka mara mbili, glikoli nayo mara mbili, pamoja na matangi, pampu na mitambo ya kuichemsha ufukweni. Mwanzoni yatakuwa maji ya mvuke tu, machache na yasiyo na chumvi. Miaka ikienda, kisima kinaweza kuanza kutoa maji ya mwambani yenye chumvi, na chumvi hiyo hubaki kwenye glikoli na kuharibu mitambo ya kuisafisha. Ni lini maji hayo yatafika, na kwa kiasi gani, hakuna modeli ya haidreti inayoweza kusema. Jibu hilo linatoka kwa wanajiolojia wanaosoma miamba ya hifadhi ya gesi, na linatakiwa liwe mezani kabla mtu hajachora kipenyo cha bomba la glikoli, kwa kuwa likishalazwa kwenye kina cha mita 2,500 hakuna anayelitoa ili aweke nene zaidi.